Kumbukumbu za Uluguru na Maghala ya Mbali

Ni michache milima ya Afrika Mashariki iliyochunguzwa, kupimwa na kuandikwa kwa bidii kama milima ya Uluguru, na ni michache vilevile ambayo maandiko na sampuli zake zimekwenda kuhifadhiwa mbali nayo kiasi kile. Mtu wa Morogoro atakaye kuona tawi la kwanza lililokaushwa, lile ambalo kwalo aina nzima ya mmea ilipewa jina, aghalabu hulazimika kulitafuta Ulaya. Na atakaye kumwona ndege asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika misitu iliyo juu ya mji wake, ngozi ya kwanza iliyoandikiwa sifa za ndege huyo imo Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Nataka kuifuata njia iliyopitwa na kumbukumbu hizo, tangu zama ambazo zilitoka mlimani juu ya vichwa vya wapagazi hata zama zetu, ambapo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufungua ukurasa wa wavuti, akachagua faili, akabonyeza mahali pamoja, na tasnifu iliyomchukua miaka kuiandika ikaenda kukaa katika seva ambazo macho yake hayatapata kuziona. Chombo kimebadilika mno. Swali ambalo kila zama ilipaswa kulijibu limebaki lile lile, nalo ni hili: kitu kikiisha kupelekwa, nakala ngapi zimesalia, na zimesalia wapi?

Mwaka 1894 Franz Stuhlmann, mtaalamu wa elimu ya wanyama ambaye kabla ya hapo alikuwa amefuatana na Emin Pasha katika safari ya kwenda maziwa makuu, alipanda Uluguru akakusanya mimea katika misitu ya juu. Miaka minne baadaye, mwezi wa Novemba 1898, akafuata kijana mwingine wa Kijerumani, Walter Goetze, aliyefika hata Lukwangule, ule uwanda wa nyasi ulio juu ya milima, ambao misitu iliyouzunguka hukaa ndani ya ukungu karibu mwaka mzima. Mizigo ya Goetze ilipokewa Berlin na Adolf Engler, mkuu wa bustani ya mimea ya mji ule, naye mwaka 1900 akautia jina la mkusanyaji mmea mmoja mdogo uotao juu ya majabali yenye unyevu katika kivuli cha msitu, akauita Saintpaulia goetzeana. Goetze mwenyewe hakupata kuyasoma maneno hayo, kwani alifariki mwaka 1899 akiwa bado safarini huku huku.

Yafaa tuitazame kazi yao kwa karibu, maana humo ndimo mnamoonekana mambo yatakayorudi baadaye katika sura nyingine. Tawi lenye ua au tunda hukatwa, likatandazwa kati ya karatasi zinyonyazo maji, na karatasi nyingi zikapangwa kati ya mbao mbili zilizokazwa kwa mikanda. Kesho yake karatasi zilizolowa hutolewa zikatiwa nyingine kavu, na kesho kutwa vivyo hivyo, mpaka jani liishe maji yake yote pasipo kupoteza umbo. Katika miteremko ya mashariki ya Uluguru, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, kazi hiyo ni jihadi tupu: karatasi hazikauki ila karibu na moto, na moto ukizidi jani huungua, ukipungua ukungu huingia na kuoza kukafuata. Jani likiisha kukauka huandikiwa kibandiko chenye nambari, mahali lilipochumwa, kimo cha mahali hapo, tarehe na jina la mchumaji, na bila ya kibandiko hicho jani halina thamani yoyote ya ilimu, hata likiwa zima na zuri namna gani. Baada ya hapo mizigo ilifungwa kwa uzito wa frasila mbili hivi, wapagazi wakaishusha kwa miguu hata pwani, kwa kuwa reli haikuwasili Morogoro mpaka mwaka 1907. Na toka pwani ikapakiwa katika meli zielekeazo Ulaya kwa njia ya mfereji wa Suez.

Majina ya wakusanyaji yamo hata leo katika Kilatini cha mimea. Majina ya wapagazi, na ya wale Waluguru waliowaongoza wageni njiani, wakawaonyesha mti huu na ule na kuwatajia dawa yake, hayamo. Nauhesabu upungufu huo kuwa mkubwa kuliko ukungu wote uliopata kuingia katika karatasi zile, kwa sababu jani lililooza laweza kuchumwa tena mwaka ujao, ilhali mtu aliyelitambua jani amekwenda zake na ujuzi wake haukuandikwa upande wowote wa kibandiko.

Hebaria ya Berlin, yaani nyumba ilimohifadhiwa mimea hiyo iliyokaushwa, ilikuwa katika mtaa wa Dahlem, na kwa muda wa miaka hamsini ilikuwa ndiyo makao makuu ya maarifa ya mimea ya Tanganyika. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943, katika vita vikuu vya pili, mabomu yaliiangukia nyumba hiyo ikashika moto, na sehemu kubwa kabisa ya hazina yake, inayokadiriwa kuwa sampuli milioni nne hivi, ikawa majivu. Mengi katika yale yaliyobebwa kutoka Afrika ya Mashariki kwa jasho la watu wengi yalipotea katika usiku mmoja, si kwa kosa la aliyeyachuma wala la aliyeyabeba, bali kwa kuwa yalikuwa yamewekwa mahali pamoja.

Mwenye kusoma ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya nchi zetu, Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na aina zaidi ya 12,000, hukutana mara kwa mara na alama ndogo ya msalaba iliyoandikwa kando ya herufi B. Herufi hiyo ni Berlin, na msalaba ule maana yake ni kwamba sampuli ilikuwapo na sasa haipo. Msomaji wa haraka huupita bila kuuona. Anayejua habari ya mwaka 1943 hawezi kuupita hivi hivi, maana kila msalaba ni safari nzima iliyofutika, toka mkono uliolichuma jani hadi mkono uliolipokea.

Lakini si yote yaliyopotea, na sababu ya kusalimika kwa yaliyosalimika yastahiki kuzingatiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 H. J. Schlieben alikusanya mimea katika Uluguru na sehemu nyingine za Tanganyika, naye, kama wakusanyaji wengi wa wakati wake waliokuwa wakiuza au kubadilishana sampuli, alichuma matawi kadhaa ya mmea mmoja kwa nambari moja, yakagawiwa katika nyumba nyingi za Ulaya. Berlin ilipoungua, ndugu za matawi yale walikuwa salama London, Paris, Brussels na kwingineko. Waandishi wa orodha ile kubwa walizitegemea nakala hizo, na pale ambapo Stuhlmann au Goetze hawakuacha nakala ya pili, mtaalamu hubaki na maelezo ya Kilatini peke yake, mara nyingine mistari michache tu, akijaribu kuotea mmea ulikuwaje.

Habari ya wanyama ilikwenda njia nyingine. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kutumikia idara ya wanyama pori ya Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard, alirudi mwaka 1926 akapanda Uluguru. Katika alivyovichukua alikuwamo ndege mwenye kichwa cheusi na kifua cha manjano, akaaye juu kabisa katika matawi ya miti mirefu, aliyepatikana Bagilo. Mwaka uliofuata Herbert Friedmann alimwandikia sifa zake akamwita Malaconotus alius, na mpaka leo hajapata kuonekana nje ya milima hii. Mwaka 1928 Loveridge na Thomas Barbour wakatoa kitabu kinacholinganisha nyoka, vyura na mijusi wa Uluguru na wa Usambara. Ghala la Harvard, huko Cambridge, halikuungua, na vitu vyake vimetunzwa vizuri. Ila kwa mtoto wa shule wa Matombo, huko Uluguru, katika miaka ile, Harvard na Berlin iliyoungua zilikuwa mbali sawasawa.

Baada ya uhuru jambo jipya lilitokea, nalo ni kwamba maarifa ya mlima yalipata nyumba chini ya mlima wenyewe. Chuo cha Kilimo cha Morogoro kilifunguliwa mwaka 1965. Mwaka 1969 kikawa Kitivo cha Kilimo cha chuo kikuu kilichokuwako Dar es Salaam. Na tarehe 1 Julai 1984 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi wa Aprili mwaka ule ule, hapo Dakawa, katika mkoa huu huu. Katika walimu wa kitivo kile alikuwamo Tamás Pócs wa Hungaria, aliyeyatumia maisha yake kuchunguza vile vimea vidogo vya kijani vinavyofunika mashina na mawe ya misitu ya ukungu, akapima namna vinavyonasa maji na kuyaachia polepole, na mwaka 1980 akachapa matokeo ya vipimo alivyovifanya hapa Uluguru. Kazi yake yawahusu hata watu wasiopata kusikia jina lake, kwani mto Ruvu hutoka katika milima hii, na Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu.

Mwaka 1991 maktaba ya chuo ilifanywa kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo, na rafu zake zikapokea tasnifu, ripoti na majarida ya kilimo, misitu na mifugo. Hata hivyo, desturi ya kumbukumbu kuhama haikukoma. Mazimbu, upande wa pili wa mji, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikuwa kimejenga mwaka 1978 chuo cha Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana wake waliokimbia utawala wa makaburu. Mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa serikali ya Tanzania, nayo sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na nyaraka za chuo cha Mahlangu zikarudishwa kwao Afrika Kusini, zikahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Fort Hare. Zilikuwa haki yao, na siwalaumu. Natamani tu kwamba nakala zingebaki Mazimbu, maana historia ile ni ya Morogoro pia.

Sasa tufike zama za intaneti. Mwezi wa Novemba 1995 wataalamu wawili wa kampuni ya Xerox, Ernesto Nebel na Larry Masinter, walichapa pendekezo fupi la kuongeza katika fomu za wavuti sehemu ya kuchagulia faili, ili mtu aweze kupeleka waraka au picha kwa kupitia kivinjari chake mwenyewe pasipo kuhitaji programu nyingine. Kabla ya hapo kurasa za wavuti zilikuwa za kusomwa zaidi kuliko za kutumiwa kupeleka vitu. Baada ya hapo njia ikawa ya kwenda na kurudi, na kila ombi la kazi, kila tasnifu na kila picha ipakiwayo leo kwa kivinjari hupita katika mlango uliofunguliwa na pendekezo lile.

Kwa Tanzania mlango ulikuwa wazi, barabara ilikuwa nyembamba. Mpaka katikati ya mwaka 2009 nchi haikuwa na mkongo wa baharini, na mawasiliano ya intaneti na nchi za nje yalitegemea satelaiti, kwa gharama kubwa na kwa kasi ndogo. Tuchukue mfano mmoja. Katika miaka ya 2000, kwa msaada wa wakfu wa Andrew W. Mellon, hebaria za Afrika na Ulaya zilianza kupiga picha za sampuli zao asili kwa mashine iliyobuniwa katika bustani ya mimea ya Kew, London, ambayo kioo chake hutazama chini ili karatasi yenye jani kavu isigeuzwe na jani lisivunjike; hebaria ya Nairobi ilikuwamo katika kazi hiyo. Picha moja ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 200 hivi. Kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo ofisi nyingi za wakati ule zingeshukuru kuipata bila kugawana na mtu, picha hiyo ingechukua karibu saa saba kufika, iwapo umeme hautakatika wala mvua haitaziba satelaiti. Afadhali mtu aitie picha katika diski akaibebe mkononi, na kwa hakika hivyo ndivyo watu wengi walivyofanya: teknolojia mpya kabisa ikisafiri kwa namna ya kipagazi.

Mwezi wa Julai 1909 reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa haijatimiza miaka miwili mjini Morogoro. Mwezi wa Julai 2009, miaka mia moja kamili baadaye, mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, huku mkongo wa taifa ukijengwa kuelekea mikoani. Wakati ule maghala yenyewe yalikuwa yamekwisha kubadilika sura. Tarehe 14 Machi 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi faili katika seva zake, kwa huduma iitwayo S3, na tangu hapo mtu mwenye programu ya wavuti hana haja ya kununua diski na kuzilinda. Hulipa kwa kadiri ya anachoweka. Watu wamezoea kuliita ghala hilo wingu, ingawa limo ndani ya majengo ya zege yenye umeme, mashine za kupooza hewa na walinzi mlangoni.

Namna faili inavyofika huko ni kazi ya ustadi. Zamani faili ilitoka katika kivinjari ikaenda kwa seva ya programu, na seva ile ikaibeba tena hata ghalani, mzigo mmoja ukibebwa mara mbili. Siku hizi seva ya programu aghalabu hutoa kibali cha muda, chenye sahihi na saa ya kwisha, na kivinjari kikaipeleka faili moja kwa moja ghalani kwa kibali hicho. Tangu Novemba 2010 S3 yaruhusu faili kubwa kukatwa vipande, kila kimoja kikasafiri peke yake, ghala likaviunga mwishoni. Na kipande kilichokwama njiani ndicho pekee kinachorudiwa. Faida ya mpango huo kwa mtu aliye Mgeta au Kinole, huko milimani, ambako mawimbi ya simu huja na kuondoka kwa kadiri ya bonde na mwinuko, haihitaji kuelezwa kwa urefu: kazi ya asubuhi nzima haipotei kwa sababu ya dakika moja ya kukatika. Kisha huja hesabu ya uhakiki, yaani tarakimu zinazotokana na maudhui yote ya faili, zikokotolewazo kabla ya safari na baada yake. Zikilingana, kilichofika ndicho kilichotoka. Laiti Engler angekuwa na kipimo hicho kila lilipofunguliwa kasha lililolowa!

Chuo Kikuu cha Sokoine kina hifadhi yake ya machapisho mtandaoni, inayotumia programu ya DSpace, iliyotolewa kwanza mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, ambayo mtu yeyote aweza kuitumia bila malipo. Apakiaye tasnifu humo huchagua mkusanyo, akajaza jina la mwandishi, kichwa, mwaka, muhtasari na maneno ya kutafutia, akaiambatisha faili, akakubali masharti ya haki, na mkutubi akapitia kabla ya kuiweka wazi. Mstari wa kuonyesha maendeleo hujaa, husimama, hujaa tena. Sehemu ambazo wapakiaji wengi huzijaza kwa haraka, wakaandika neno moja mahali pa matano, ni zile zile zilizokuwa katika kibandiko cha Goetze: mahali, tarehe, mtu. Tasnifu juu ya viazi vya Mgeta isiyotaja Mgeta katika maneno ya kutafutia haitaonekana kwa urahisi na mkulima wala na mtafiti wa Mgeta, hata kama faili yake ni nzima na hesabu yake ya uhakiki imetimia.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika pamoja katika bahari ya kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Siku zile kilichokuwa kimehifadhiwa ng'ambo peke yake hakikuweza kufikiwa ipasavyo, japokuwa hakuna kilichoungua na hakuna kilichopotea. Na kilichokuwa katika seva za hapa nchini kiliendelea kufikika. Maghala ya karibu nasi yapo: kituo cha taifa cha data kipo Kijitonyama, Dar es Salaam, na makampuni makubwa ya nje yamefungua vituo Afrika Kusini, Microsoft mwaka 2019, Amazon mwaka 2020 na Google mwaka 2024. Kadhalika ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yaweka masharti juu ya kupeleka nje ya nchi habari za mtu. Na sauti ya mzee iliyorekodiwa akisimulia habari za ukoo wake ni habari ya mtu. Kwa hiyo uwezo tunao, na sheria tunayo. Kilichopungua, kwa maoni yangu, ni desturi ya kuitoa nakala ya pili kabla ya kuihitaji.

Nawaomba basi wenye tasnifu, daftari za mvua, picha za mashamba ya ngazi na kanda za masimulizi ya wazee wa Matombo, Kinole na Mgeta, wazipeleke katika hifadhi ya chuo au ya taifa wakati bado waliozifanya wapo na wanakumbuka. Waandike katika kila faili kijiji, tarehe na jina la aliyeonyesha au aliyesimulia, kwa idhini yake. Na nakala moja, katika diski iliyoandikwa vizuri na kukaguliwa kila mwaka, ibaki Morogoro.